Sahani za Mjomba Hazidai Bando

Vijana wengi wa hapa Kiswere hawajui kwamba Kilwa iliwahi kuwa na bendi yake Dar es Salaam. Mimi mwenyewe ningekwisha kusahau, kama si kikaratasi cha duara kilichobandikwa katikati ya sahani moja ya santuri niliyonayo. Kimepauka na mende wamekitafuna ukingoni, lakini maandishi bado yanasomeka: jina la wimbo, jina la mtunzi, na chini yake Kilwa Jazz Band. Bendi hiyo iliongozwa na Ahmed Kipande. Ni ya zama zile ambapo waliohamia Dar es Salaam kutoka huku na huku waliunda bendi na kuzipa majina ya kwao. Wa magharibi walikuwa na Western Jazz, Warufiji walikuwa na Rufiji Jazz, na sisi wa pwani ya kusini tulikuwa na Kilwa.

Mjukuu wangu anao wimbo huohuo kwenye simu. Aliingiziwa kwenye memori kadi kibandani, pamoja na nyimbo nyingine mia kadhaa kwa bei ya soda. Nikamwomba anisomee umeandikwaje.

"Bibi, imeandikwa Zilipendwa 17."

"Mwimbaji je?"

"Haijaandikwa."

Watu wanaponikuta ukumbini na santuri yangu, mwalimu mstaafu mwenye miwani, hudhani nitawaambia kwamba sauti yake ni tamu kuliko ya simu. Ya utamu nitayafikia. Kilichonifunga mimi na sahani hizi ni mambo mawili ambayo siwezi kuyatenganisha: kila sahani ina jina lake, na ukishakuwa nayo huhitaji ruhusa ya mtu kuisikiliza.

Nimezirithi kwa mjomba wangu, kaka wa mama, aliyekuwa baharia wa jahazi. Walikuwa wakipakia boriti za mikoko katika hori letu, kusi ikivuma wanapanda nazo Zanzibar na Mombasa, kisha kaskazi inawarudisha nyumbani. Mabaharia wenzake walirudi na kanga, vyombo na halua. Yeye alirudi na hivyo vyote, pamoja na sahani alizozifunga ndani ya misuli yake ili zisivunjike chomboni. Nyingi zilitoka kwa Assanand wa Mombasa, wenye lebo ya Mzuri, waliowarekodi waimbaji wa taarabu kama Matano Juma na Zuhura Swaleh. Kwa lebo hiyo hiyo zilitoka nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba yake. Kwa hiyo sisi wa Kiswere tulimpata mtu wa Morogoro kwa njia ya Mombasa, ndani ya jahazi la boriti, na hakuna aliyeona ajabu.

Ilikuwa lazima iwe hivyo, kwa sababu nchi yetu haikuwa na kiwanda kinachofanya kazi ya kufyatua sahani. Redio Tanzania Dar es Salaam iliwarekodi wanamuziki wetu kwa bidii, lakini iliwarekodi kwenye utepe, na utepe ukabaki redioni. Aliyetaka wimbo wake uwe sahani ya kushikwa mkononi alitazama Nairobi, ambako studio na mashine za kufyatulia zilikuwepo.

Redio kijijini ilikuwepo, na tuliipenda, ila ilipiga ilichotaka yenyewe. Ukiupenda wimbo unangoja, pengine hadi kipindi cha salamu cha wiki ijayo, na siku hiyo huenda upo shambani unafukuza nguruwe. Mjomba akishuka chomboni, mama aliweza kusema, "Kaka, hebu rudia," na wimbo ukarudiwa. Nilikuwa mdogo, lakini nilimwona mama anavyokaa akitoa amri hiyo. Mwanamke aliyeamriwa na kila mtu kutwa nzima, na hapa ana kitu kinachomtii yeye.

Uwezo huo wa kurudia ndio uliomvusha bahari Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya wafinyanzi, na kabla ya kuwa mwimbaji alitembeza vyungu akiviuza. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Kabla ya safari hiyo, aliyetaka kumsikia Siti alipaswa kuwa Unguja na kualikwa penye shughuli. Baada yake, ilitosha kuwa jirani ya mtu mwenye santuri, awe Tanga, Lamu au Lindi. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na wanafunzi wengi wamemjua humo. Bibi yangu, asiyejua kusoma hata herufi moja, alimjua kwa sahani.

Sahani za wakati ule hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wa India, uliochanganywa na unga wa mawe. Ni nzito, na ikidondoka sakafuni unakusanya vigae. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa ile ya kawaida ulichukua kama dakika tatu. Shairi refu halikuenea. Mwimbaji wa taarabu aliyezoea kurudia kiitikio mpaka watu watunze ilibidi achague beti zipi ziingie na zipi zibaki nje. Tunaposikiliza sahani za zama zile na kuzisifu kwa ufupi wake, tukumbuke kwamba aliyeimba pengine alikuwa na mengi zaidi ya kusema.

Kisa cha sahani yenyewe si kirefu. Mwaka 1877 Mmarekani Thomas Edison alinasa sauti kwenye mcheduara. Miaka 10 baadaye Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, akaupata ufumbuzi wa bamba bapa, na faida yake kubwa ni kwamba bamba unaweza kulitengenezea muhuri na kufyatua nakala maelfu. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ikaleta sahani kubwa ya plastiki ya vinili inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Mwaka uliofuata RCA Victor wakaleta ile ndogo yenye tundu kubwa, inayozunguka mara 45. Hiyo ndogo ndiyo iliyoiteka Afrika Mashariki: nyepesi, rahisi kidogo, na ikidondoka haivunjiki.

Ukiishika sahani mbele ya taa utaona mistari mingi. Kwa kweli kila upande una mfereji mmoja tu, ulioanzia ukingoni ukazunguka na kuzunguka hadi karibu na katikati, kama ukili unaoshonwa kuwa mkeka wa duara. Kuta za mfereji huo hazikunyooka. Zina mawimbi madogo sana, na mawimbi hayo ndiyo sauti. Sindano ikipita humo hutikisika. Kwenye santuri ya kuzungusha kwa mkono, mtikisiko huo hupelekwa moja kwa moja kwenye kiwambo chembamba, kikavuma, na pembe ikaukuza mvumo. Hakuna umeme hata kidogo. Kwenye mashine za baadaye, mtikisiko hugeuzwa kuwa umeme mdogo, na spika ikafanya iliyobaki.

Nilipokuwa nafundisha darasa la sita nilikuwa na jaribio nililolipenda. Unachukua karatasi ngumu, unaikunja iwe pembe, unachomeka pini kwenye ncha. Kisha unachukua sahani iliyokwisha kuharibika, unaizungusha juu ya msumari kwa kidole, na kugusisha pini kwenye mfereji. Pembe ya karatasi inaanza kuimba. Sauti ni ya kukwaruza na mwendo unapanda na kushuka kwa kufuata kidole cha mtoto, lakini ni mtu anaimba, na watoto wanamsikia akitoka kwenye daftari lililochanwa. Jaribu kuwaonyesha watoto wimbo ulivyo ndani ya memori kadi. Utawaambia ni namba nyingi sana, na watakuamini kwa adabu tu.

Wanamuziki wetu wa dansi waliichukua ile sahani ndogo na upungufu wake wakaufanyia ufundi. Wimbo wa rumba ukumbini ulikwenda mpaka watu wachoke. Upande mmoja wa sahani ya 45 kwa kawaida ulichukua dakika nne au tano tu. Wakaukata wimbo vipande viwili. Upande wa kwanza uliwekwa maneno: taratibu, mwimbaji anatoa malalamiko yake ya mapenzi au ushauri wake kwa vijana. Upande wa pili ukawekwa chemko, gitaa zinafukuzana, saksafoni zinajibizana, na maneno ni machache.

Kati ya pande hizo mbili kuna kimya, na kimya hicho kilikuwa na kazi. Mtu ananyanyuka, anainua mkono wa santuri, anageuza sahani, anapuliza vumbi. Waliokaa wanajua kinachokuja. Wazee wanasogeza viti, msichana anajifunga kanga vizuri, mtoto anayelala anaondolewa kwenye mkeka. Leo nyimbo hizo zinapowekwa kwenye simu huunganishwa ziwe moja, na anayesikiliza hajui kwamba hapo katikati palikuwa na watu wanajiandaa kucheza. Wako wanaozisifu sahani kubwa kwa kukaa muda mrefu bila kuguswa. Mimi nipe ile ndogo, na nipe adha yake ya kuigeuza.

Adha zilikuwa nyingi, nisiwadanganye. Baada ya ile ya kuzungusha kwa mkono, mjomba alipata mashine ya betri, na betri zenyewe ni zile kubwa za National. Zikichoka, mashine inapunguza mwendo na mwimbaji anashuka sauti: mwanamke anakuwa mwanamume, mwanamume anakuwa mgonjwa. Hapo betri zinatolewa na kuanikwa juani juu ya bati, na kila mtu wa umri wangu kusini hii anajua zikianikwa hujikongoja kwa nyimbo chache zaidi. Sindano ikirukaruka, shilingi moja ya chuma inawekwa juu ya kichwa chake kuikandamiza. Ilisaidia kweli, na iliilima sahani kweli. Alama za shilingi hiyo bado nazisikia, tiki, tiki, tiki, pale mahali pamoja pa wimbo mmoja wa kikundi cha Black Star cha Tanga.

Tena usisahau kwamba rumba yenyewe tulifundishwa na sahani. Kuanzia 1933 His Master's Voice waliuza Afrika mfululizo wa nyimbo za Cuba na Amerika ya Kusini uliojulikana kwa herufi zake, GV. Vijana waliozisikia hawakujua Kihispania, lakini walijua kurudia. Wanauweka wimbo, wanaushika mdundo, wanauweka tena. Jina la Cuban Marimba halikuanguka kutoka mbinguni Morogoro. Redio ingewapa wimbo mara moja na kupita zake. Mpiga gitaa hafundishiki hivyo.

Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Kwa wanasiasa lilikuwa jambo la Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika. Kwa mjomba lilikuwa jambo la Mombasa kutofikika. Sahani zikaadimika, na wakati huohuo kanda zikaingia. Kanda ilikuwa rahisi, unaweza kuinakili chumbani, na haikuhitaji kuangaliwa sana. Januari 1979 mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe akafariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, na kule Nairobi nyimbo zake zikakusanywa kwenye sahani kubwa zilizoitwa Ukumbusho. Mjomba aliipata moja baadaye sana, kwa mkono wa tatu. Nafikiri ndiyo ya mwisho aliyoinunua.

Kanda zetu zote zimekufa. Joto la pwani limezivuta, ukungu umezila, redio kaseti zimezitafuna. Baada yake zikaja CD, zikapigwa mikwaruzo, zikaishia kutundikwa mashambani kufukuzia ndege. Sahani zimevizidi umri hivyo vyote viwili, na bado zinapiga. Mimi nazipigia kwa sola, na mashine niliyonayo sasa ilifufuliwa na fundi mmoja wa Lindi mjini kwa mkanda alioukata mwenyewe kutoka kwenye mpira wa kitu kingine.

Huko duniani nako wamezirudia. Marekani mwaka 2022 ziliuzwa sahani za vinili kama milioni 41, zikazipita CD zilizouzwa milioni 33, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Miongoni mwa wanunuzi wamo vijana ambao nyimbo hizo hizo wanazo kwenye simu. Viwanda vilivyosalia vilijikuta vikizidiwa na kazi. Mnamo Februari 2020 moto uliteketeza kiwanda cha Apollo Masters huko California, kimoja kati ya viwili tu duniani vilivyotengeneza mabamba ya laka ambayo sauti hukatwa juu yake kabla ya kufyatuliwa. Kazi yote hiyo ikaegemea kiwanda kimoja cha Japani. Nyimbo zetu nazo hazikuachwa: huko Ufaransa, kampuni ya Buda Musique imeutoa mfululizo wa Zanzibara, wenye taarabu na dansi ya pwani yetu, pamoja na nyimbo zilizokuwa kwenye tepe za Redio Tanzania.

Sasa ya utamu. Wapo wapenzi wa sahani wanaosema hakuna sauti safi kama hii, na hapo naona wanatia chumvi. Kwa vipimo, CD ina masafa makubwa zaidi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, na haina mchakacho wa vumbi. Sahani ina mipaka yake: besi hupunguzwa wakati wa kukata mfereji na kurudishwa wakati wa kupiga, la sivyo mawimbi yangekuwa mapana kupita nafasi. Ukikaribia katikati, ambako duara ni dogo, sauti huanza kukwaruza. Kile wanachokiita uvuguvugu ni mchanganyiko wa mambo hayo na mazoea. Ila nyimbo zetu za zamani zilipangwa na mafundi waliojua zitapigwa kwenye sahani, na ukizisikia kwenye spika ya simu ya kisasa, besi ya dansi haipo kabisa. Simu haina hatia. Spika yake ni ndogo kuliko kifuniko cha chupa. Kwa hiyo mjukuu wangu akisema "Bibi, kumbe wimbo huu una besi," asifikiri sahani imeiongeza. Ilikuwepo siku zote.

Kinachowavuta vijana wa Marekani, nionavyo mimi, ndicho kilichomvuta mama. Wimbo wa kulipia kwa mwezi si wako. Bando likiisha umekwisha, kampuni ikigombana na mwenye haki unaondolewa usiku, na kesho unakuta nafasi tupu. Tumezunguka tukarudi kwenye redio ya miaka ile, inayopiga inachotaka, isipokuwa sasa tunailipia.

Kuna jamaa hupita vijijini pwani hii wakinunua sahani za zamani kwa mafungu, bila hata kuzisikiliza. Wanatazama kikaratasi cha katikati tu. Jirani yangu aliuza kreti nzima kwa pesa isiyofika gunia la unga, zikiwemo za marehemu mumewe, na hakubaki hata na orodha. Simlaumu, karo ilikuwa imefika. Lakini wanunuzi hao wanajua jambo ambalo sisi tumelisahau: kwamba nyingi kati ya bendi hizi hazikuacha kitabu wala picha, na kikaratasi kile ndicho hati pekee inayosema nani alitunga nini, na kwa namba gani kwenye daftari la kampuni.

Basi wewe unayesoma, kama kwenu kuna sahani, zitoe darini leo. Zisimamishe wima, zisilaliane, mbali na bati na dirisha la jua, kwa maana joto letu linazipinda ndani ya mchana mmoja. Zioshe kwa maji safi yenye sabuni kidogo na kitambaa laini, ukikwepa karatasi ya katikati. Zile nzito za zamani usizipake spiriti kamwe; spiriti inayeyusha shelaki. Usizipige kwa sindano ya sahani mpya pia, maana mfereji wa hizo nzito ni mpana zaidi na kila moja inahitaji sindano yake. Kisha chukua daftari la kurasa arobaini, andika kila jina lililoko kwenye kila kikaratasi, pande zote mbili, na umuulize mzee aliyezinunua alizipata wapi. Mjukuu wangu amekwisha kuanza na zetu. Wimbo wa kwanza aliobadilisha jina kwenye simu yake ni Zilipendwa 17.